Barabara ya Kwenda kwa Kukhu

Harufu ya vumbi la murram, ule udongo mwekundu wa barabarani, likipata matone ya kwanza ya mvua hunikuta popote nilipo na kuninyang'anya akili. Jumamosi iliyopita ilinikuta juu ya baiskeli, kwenye mteremko wa kutoka Kimilili kwenda Chwele, nikiwa na wenzangu wa Kitale ambao, kama mimi, wamefikia umri wa kuambiwa na daktari wapunguze chumvi na waongeze jasho. Tuna baiskeli hizi za kisasa za matairi mapana, zilizoundwa kwa ajili ya changarawe, nyepesi kiasi kwamba mtu anainua yake kwa mkono mmoja na kusalimia kwa mkono wa pili. Tunavaa kofia ngumu na suruali za kubana. Watoto wa njiani hutucheka, na wana haki.

Mvua ilipoanza kudondoka, kijana anayetuongoza alipunguza mwendo akaja kando yangu.

"Sasa, madam? Si tujikinge hapo kwa duka, bana? Ama uko sawa?"

Nilimwambia niko sawa. Sikuwa sawa. Nilikuwa nalia, nikaishukuru mvua kwa kunifichia. Baba yangu hayupo duniani tangu msimu wa mahindi uliopita, na barabara ile ni yake. Kila kona yake niliijua kwanza nikiwa nimekaa nyuma ya mgongo wake, kwenye keria ya blaki mamba, ile baiskeli nyeusi ya chuma ya zamani, gunia limekunjwa chini yangu ili vyuma visinile mapaja.

Watu wa Baba walitoka upande wa kati wa nchi, wakanunua mashamba Saboti, wakakaa. Alilima mahindi, na kila asubuhi alibeba maziwa kuyapeleka Kitale, mikebe imening'inia pande zote mbili za baiskeli. Mama alitoka chini kule, ng'ambo ya Chwele, upande wa Bungoma. Walikutana sokoni Kitale, Mama akiuza vitunguu, na Baba, kwa maelezo yake mwenyewe, akawa mtu wa kula vitunguu vingi sana. Mama alifariki katika ajali ya gari nikiwa bado sijaanza shule. Baada ya mazishi Baba aliapa kwamba mtoto wake hatapanda gari mpaka awe mtu mzima wa kujiamulia. Aliapa pia kwamba mtoto huyo hatapoteza watu wa mama yake. Viapo hivyo viwili ukiviweka pamoja, jibu ni moja: kila shule ilipofungwa, alinipakia kwenye keria akanipeleka kwa Kukhu, mama yake Mama, kwa kanyagio.

Shangazi zangu wa Saboti walimwona ameshikwa na wazimu. Walisema sikio la kufa halisikii dawa, kisha wakatufungia viazi vya kula njiani.

Tulikuwa tukitoka alfajiri, ukungu wa Mlima Elgon umelala juu ya mahindi. Kwa sababu nilikaa kiubavu, nchi yote niliijua kwa upande mmoja. Nikienda niliona mashamba, nikirudi niliona mlima. Mwanzo ulikuwa mahindi, mahindi, mahindi, na harufu ya ng'ombe. Kisha ikaja mikaratusi, hewa ikawa baridi yenye harufu ya dawa ya kifua, na barabara ikaanza kupanda na kushuka. Kwenye kupanda, Baba alishuka akasukuma, nami akinikataza kushuka. Kwenye kuteremka alisaidia breki kwa soli ya kiatu, akiikandamiza kwenye tairi la nyuma, na mpira wa kiatu ukanuka kuungua. Changarawe ilipokuwa nyingi na baiskeli ikaanza kucheza, nilimkumbatia kwa nguvu.

"Usikaze mwili, Maitu," alikuwa akisema. Maitu, kwa lugha ya watu wake, maana yake mama; nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo alinilea huku akiniita mama. "Ukikaza ndio tunaanguka. Wacha baiskeli itafute njia yake."

Siku hizi tunalipia mafunzo ili kuambiwa maneno hayohayo.

Baada ya Kimilili nchi ilibadilika. Tulipita mibuni iliyopandwa kwa mistari, watu wakianika kahawa. Kisha joto likapanda, udongo ukawa mwekundu zaidi, mawe makubwa yakajitokeza mashambani, na miwa ikaanza. Salamu pia zilibadilika. Kule juu watu walimwita Baba kwa jina. Huku chini walimwita "Mukwasi", yaani mkwe wetu, hata wale ambao sikuwahi kuwaona. Baba alijibu kila salamu. Mgongo wake ulikuwa umelowa jasho, shati limegandama, nami nilikuwa nimelaza shavu hapo. Jasho lile nalitamani hadi leo kuliko manukato yoyote, na sioni haya kulisema.

Sasa nifike kwenye kengele.

Kipande cha mwisho cha safari kilikuwa kona moja kali, kisha njia nyembamba iliyopita kati ya miwa upande mmoja na majani ya mabingobingo upande wa pili, hadi bomani kwa Kukhu. Kabla ya kona ile, Baba alianza kupiga kengele ya baiskeli. Aliipiga mfululizo bila kupumzika, hata kama njia ilikuwa tupu, hadi tulipofika. Na kila tulipotokea, Kukhu hakuwepo. Uani kulikuwa na kiti chake bado kina joto, ungo wa maharagwe yaliyochaguliwa nusu, na mlango wa nyumba unafungwa. Baba hakuangalia upande ule. Alinishusha langoni, akageuza baiskeli, akaenda nyumbani kwa Mjomba, kaka yake Mama, ng'ambo ya ua. Huko ndiko alikokula, akalala, na asubuhi akaondoka. Akishapotea tu, Kukhu alitoka ndani mikono wazi, akaniita Nekesa, jina alilonipa yeye kwa kuwa nilizaliwa wakati wa mavuno, akaninusa kichwa chote.

Mtoto hana macho mabaya, ila huunga mambo vibaya. Niliunga hivi: Baba akipiga kengele, Kukhu anakimbia. Kukhu anamchukia Baba. Na sababu niliijua, kwa maana shuleni Saboti watoto walikuwa wameshaniambia kwamba baba yangu ni mtu wa kuja, na watu wa kuja hawapendwi. Hata chakula kilinithibitishia. Kukhu alichinja kuku, akampikia Baba peke yake, akampelekea kwa Mjomba kupitia kwangu, sahani imefunikwa. Niliona ni kama kumlisha mtu aliyefungwa. Sikujua kwamba ile firigisi iliyowekwa juu kabisa ya nyama, ambayo wajomba zangu waliiangalia ikipita mate yakiwajaa, ilikuwa ndiyo heshima yote ya nyumba ile.

Hao wawili ndio niliokuwa nimebaki nao duniani. Usiku nilikuwa nikiwaza kwamba siku moja nitaambiwa nichague, na nikichagua mmoja nitampoteza wa pili kama nilivyompoteza Mama. Wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi, na nyasi nilijiona mimi. Kwa hiyo nikaamua kuwapatanisha. Kwa akili yangu, kilichokosekana ni wao kukutana tu. Wangeonana uso kwa uso wangeoneana aibu, wangesalimiana, mambo yangekwisha. Na kilichowazuia kuonana ni kile kikengele.

Tulipofika Kimilili likizo iliyofuata, Baba aliingia hotelini kutuagizia chai na mandazi. Nami nikabaki kulinda baiskeli. Kifuniko cha kengele za zamani hufunguka kwa kuzungusha tu. Nilikizungusha, nikakitia katika mfuko wa sweta, nikaingia kunywa chai nikiwa na furaha ambayo Baba aliiona hadi akauliza kama ni mandazi yamenipendeza.

Safari iliyobaki niliiona ndefu mno. Tulipokaribia kona, nilimsikia Baba akisukuma kidole kwenye kengele: kr, kr, kr. Akaangalia chini. Akasukuma tena. Akaanza kukohoa kwa nguvu, kikohozi cha uongo kabisa, lakini mteremko ulikuwa umeshatushika na kona ndiyo hiyo.

Kukhu alikuwa katikati ya njia. Alikuwa anatoka chemchemi, mtungi wa maji kichwani, anakuja mzimamzima kuelekea kwetu.

Baba hakufunga breki. Alikata usukani kulia, baiskeli, yeye na mimi tukaingia kwenye mabingobingo kwa kishindo. Mimi nilirushwa nikaangukia majani laini, nikasimama mara hiyo hiyo. Baba alikuwa amelala kifudifudi, baiskeli juu ya miguu yake, gurudumu la nyuma bado linazunguka. Niligeuka kwa Kukhu. Mtu mwenye mtungi kichwani hawezi kukimbia. Aliushusha taratibu, maji yakimmwagikia kifuani, akaivuta leso hadi ikamfunika uso, akageuka, akakaa chini kando ya njia akielekea miwa.

Mimi nikabaki nimesimama katikati ya barabara. Upande huu mgongo, upande ule mgongo. Upatanisho wangu ukawa huo.

"Nekesa, uko mzima?" Kukhu aliniuliza kwa Kibukusu.

"Niko mzima, Kukhu."

Kisha akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwahi kuongea nami hata siku moja, na hapo nikajua maneno si yangu.

"Murize baba yako kama ameumia."

Baba alikuwa karibu vya kutosha kusikia hata pumzi yake. Lakini alingoja. Ilibidi nigeuke nimwambie, "Baba, Kukhu anauliza kama umeumia."

"Mwambie mama ni mguu tu umekwaruzwa," alisema ndani ya majani. "Mwambie anisamehe sana. Kengele imeniangusha."

Nikageuka nikamwambia.

"Mwambie aende kwa Mjomba aoshe hiyo mguu na maji ya chumvi."

"Mwambie nimesikia."

Nilidhani yamekwisha. Hata Baba alianza kujikwamua kutoka chini ya baiskeli, bila kuinua uso. Lakini Kukhu hakuinuka. Aliishika leso yake kwa mikono miwili.

"Mwambie ati amekonda. Kila akienda naona mgongo yake kwa dirisha. Shati inacheza tu. Murize nani anampikia."

Nilimuuliza. Baba aliacha kujikwamua.

"Mwambie ninajipikia."

"Mwambie hiyo si maisha. Mwambie atafute bibi. Mtoto wangu hawezi kasirika, si ameraza mifupa yake kwa udongo? Mwambie nimempa ruhusa mimi mwenyewe. Na wewe utabaki wangu, hakuna mtu atakunyima kuja hapa."

Haya sikutaka kuyabeba. Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Hakuna aliyenihimiza. Walingoja, wote wawili, kwa sababu bila mimi maneno yale hayakuwa yamesemwa. Mwishowe niliyasema, kwa sauti ndogo, nikiruka neno bibi kwa aibu: Kukhu anasema utafute mtu, Mama hatakasirika.

Baba alilaza tena shavu kwenye majani. Kisha akasema:

"Mwambie mama, bado."

"Bado nini, Baba?"

"Mwambie hivyo tu. Ataelewa."

Nikamwambia Kukhu: bado. Mabega yake yakaanza kutikisika chini ya leso. Nikamgeukia Baba ili nimwambie kwamba Kukhu analia, nikaona na yeye amekifunika kichwa kwa mkono, na majani yaliyo karibu na mdomo wake yanatikisika vilevile. Walilia pamoja, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Mimi tu, niliyezunguka huku na huku, ndiye niliyeziona nyuso zote mbili.

Jioni, tukimenya maharagwe, nilimuuliza Kukhu kwa nini anamchukia Baba. Alicheka hadi akaweka ungo chini.

"Mtu unayemchukia unamwangalia tu," alisema. "Unamkazia macho, hakuna kazi. Mkwe wako ndiye usiyemwangalia. Amelala na mtoto wako, amezaa mtoto wa mtoto wako. Ukikutana naye njiani unamwangalia vipi, kama mtu wa sokoni?" Akachukua tena ungo. "Nina wakwe wengine waliozaliwa hapahapa. Wananipita njiani wakitafuna muwa, ati hayo ni mambo ya zamani. Huyu wako alitoka mbali. Hakuna aliyemlazimisha. Alijifunza."

Nilimrudishia Baba kifuniko cha kengele asubuhi. Alikipokea, akakizungusha mahali pake, akajaribu mlio mara moja, akasema tu kwamba vitu vya baiskeli hupenda kulegea njiani.

Tangu hapo, kila tulipofika, kengele ilipigwa na Kukhu akaingia ndani kama kawaida, lakini mlango aliuacha wazi kidogo. Baba alisimama langoni akiwa ameelekea barabarani, wakasalimiana kupitia kwangu. Waliulizana mahindi, ng'ombe, kifua, magoti. Nilikuwa mdomo wao. Nilikua nikajifunza kupunguza ukali na kuongeza utamu, kama mkalimani yeyote, na nina hakika walijua. Kukhu hakurudia tena neno la bibi, na Baba hakuoa. Nikiulizwa leo nitaje miaka ya furaha yangu, nitataja ile, nikiwa nimesimama juani kati ya lango na mlango, nikiwabebea watu wawili habari walizokwisha kuzisikia.

Kukhu alipofariki nilikuwa nimeshaanza kazi Kitale. Nilitangulia kwenda. Baba alikuja siku ya mazishi, kwa baiskeli, mzee wa mvi, barabara nzima ile, ingawa magari ya kumbeba yalikuwepo na kiapo chake kilinihusu mimi, si yeye. Watu walipopangwa kupita mbele ya jeneza kutoa heshima za mwisho, alibaki kando ya ua. Mjomba alimfuata, nikamfuata Mjomba.

"Mukwasi, njoo umuage mama," Mjomba alimwambia. "Leo hakuna kosa. Wazee wamekubali."

"Hapana," Baba alisema. "Saa hii hawezi kujifunika. Nikimwangalia si ni kama kumwibia?"

Mjomba alimshika bega.

Tuliondoka jua likiwa limeanza kuinama. Nilikataa gari, nikatembea naye. Alisukuma baiskeli kupanda kilima, na mimi nikiisukuma kwa nyuma, nimeshika keria niliyokuwa nimeizidi zamani. Tulisukuma mpaka miwa ilipokwisha. Ndipo akaniuliza, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu anachoona haya kukinunua:

"Maitu, alikuwa anafanana na nani?"

Sikumwelewa mara moja. Ilibidi nihesabu miaka yote ile kichwani, kengele zote zile, ndipo nikaamini kwamba kweli hakuwahi kumwona.

"Na Mama," nilimwambia. "Sana. Macho, paji la uso, hata namna ya kucheka. Wajomba wanasema ni Mama mtupu, ila amezeeka."

Baba alisimama. Aliiegemeza baiskeli kiunoni, akatoa kitambaa, akakikunja, akakirudisha mfukoni bila kukitumia. Alikuwa na picha moja tu ya mke wake, ndogo, ya kitambulisho, na ndani yake Mama hakuwahi kufika hata miaka thelathini.

"Ni hivyo alivyokuwa?" aliuliza.

"Ndiyo, Baba."

Aligeuka akatazama nyuma, chini kule tulikotoka, ambako watu walikuwa bado wanajaza udongo.

"Basi ningemwangalia," alisema.